Vyura wa Musafiri

Mama Musafiri ni jirani yangu. Tunagawana ukuta mmoja wa mawe meusi hapa Himbi, mtaa wa Goma, na ukimuuliza majirani zake ni nani, atakutajia vyura kwanza, mimi baadaye. Sikasiriki tena. Zamani nilikasirika, maana sisi watu wa Masisi tumezoea kwamba jirani ni yule unayemwomba moto, na chura hana moto wa kumpa mtu.

Jina lake mwenyewe ni Nasiba. Babu yake aliingia Goma na biashara kutoka Maniema, na kwa maneno yake ukoo wote asili yake ni pwani. Ndiyo maana kwao waliongea Kiswahili cha kunyooka. Sisi watoto wa milimani tulikicheka chao, na wao walikicheka chetu. Mumewe, Hemedi, alikuwa dereva wa lori, akafa kwa homa mtoto wao wa pekee akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto ndiye huyo Musafiri. Mara nyingi nimemtania: wewe mtoto umemwita Musafiri, ulitegemea akae nyumbani? Hucheka. Kuna siku hacheki, na siku hizo najilaumu kwa mdomo wangu.

Musafiri akiwa mdogo waliishi mtaa wa Mapendo, kabla sijamfahamu mama yake. Haya ya Mapendo ninayasema kama alivyonisimulia yeye, na amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba ua wao wenyewe nauona. Watoto wa mtaa walikuwa na mchezo wa kumwagia chura chumvi ili wamwone akijinyonganyonga. Musafiri hakuuweza mchezo ule. Aliwapiga wenzake, au alipigwa, ilitegemea ukubwa wa mwenye chumvi. Mwishowe akaamua kuwajengea vyura nyumba ndani ya ua wao, mahali ambapo mikono ya watu haifiki.

Alichukua chungu cha mama yake kilichopasuka, akakilaza ubavu, akakifukia nusu. Ndani akaweka udongo wa majimaji na majani ya mgomba yaliyooza. Mlango akauelekeza kivulini. Mbele akaweka kisahani cha maji kisicho na kina, na pembeni mawe mawili ili mbwa asiingize pua. Lakini neno lake kubwa lilikuwa mahali. Alizunguka ua mzima akitafuta palipo chini kabisa, pale maji ya kuogea yalipokuwa yanakusanyika. “Chini, mama,” alisema. “Chula anapenda chini.”

Mama alimwacha, kisha akaona faida. Vyura walikuja wenyewe, wakala konokono na wadudu, na lengalenga yake, mboga ya majani aliyoiuza, ikawa ya kuonewa wivu. Wako waliosema mtoto anafuga uchawi. Mama akawajibu wasinunue lengalenga ya uchawi basi, na wakaendelea kununua.

Mwaka wa tisini na sita waasi waliingia mjini. Vijana wengi walipanda malori yao, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa, na wengine kwa sababu rafiki yao alikuwa ameshapanda. Walioitwa kadogo walikuwa watoto kabisa, waliokunja mikono ya magwanda ya watu wazima. Sauti ya Musafiri ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kukatika. Mama yake alimkuta juu ya lori, akashika shati, na kifungo kimoja kikabaki mkononi mwake. Mtoto hakulia. Alisema tu: “Mama, unichungie vyula vyangu. Minarudi.” Lori likaelekea njia ya Sake.

Hakurudi. Mmoja alisema alimwona Kisangani, mwingine akasema Kinshasa, na wa tatu akasema kuna mto walivuka na si wote waliofika ng'ambo. Hakuna aliyesema amekufa. Mama Musafiri hakuweza kumsomea hitima mtoto ambaye labda yuko mahali fulani anakula wali. Alichobaki nacho ni vyura. Aliwaita amana, na kwake yeye amana si neno la kuchezea. Ukipewa kitu kukitunza, hata kama ni chura, siku ya mwisho utaulizwa.

Halafu, Januari ya mwaka wa elfu mbili na mbili, mlima wa moto ukapasuka. Alikimbia na wenzake kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, akiwa na msala na kitenge kimoja. Alifikiri ni kukimbia kwa kawaida, kule ambako unaenda na kurudi. Aliporudi, mtaa wao ulikuwa jiwe, jiwe jeusi lenye mvuke, limepita juu ya nyumba likafunika hadi mabati. Ndala zake ziliyeyuka akitafuta mahali pa ua wake. Aliinama akaweka sikio juu ya jiwe, kwa sababu alidhani atasikia vyura. Alipokuwa ananieleza hilo nilitaka kumwambia anyamaze, maana usiku ule, kitandani, niliwasikia mimi hao vyura.

Kaka yake, Idrissa, mfanyabiashara mwenye roho nzuri na maneno mengi, alimpa vyumba viwili vya nyuma kwenye kiwanja chake hapa Himbi, upande wa chini karibu na ziwa. Hapo ndipo tukawa majirani. Mimi na mume wangu Damien tulikuwa tumekimbia vita vya Masisi, yeye alikuwa amekimbia moto, na mtoto wetu Chance alitukutanisha kwa kuiba mapapai yake. Tangu hapo mimi ni Mama Chance, na yeye ni Mama Musafiri, kwa jina la mtoto ambaye sikuwahi kumwona.

Miaka ikapita bila chura. Nyuma ya vyumba vyake ardhi ilizama, ikafanya shimo pana lenye majani mabichi, tulivu, la kupendeza macho. Nilishangaa kwamba kuku hawashuki pale. Hata nzi hukuwasikia. Ukisimama ukingoni ulipata hisia ya kuingia chumba ambacho watu wamenyamaza ghafla kwa sababu umefika. Sikupapenda, lakini shimo lilikuwa la mwenyewe.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, mvua za Septemba zikaleta chura mmoja mnene mlangoni kwake. Mama Musafiri alilia kama amepokea mgeni kutoka hija. Siku ile ile alitafuta chungu kilichopasuka. Cha kwake kilikuwa kizima, akakipasua. Akakibeba hadi shimoni, akakilaza, akakifukia nusu, mlango kivulini, kisahani mbele, mawe mawili pembeni. Alichagua shimo kwa sababu ndipo palipokuwa chini kuliko pote, na mtoto alisema chini.

Vyura waliingia, na kila asubuhi aliwakuta wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Hawakuwa wamekauka. Walilala na mikono yao midogo mbele, wamenona, kana kwamba wameambiwa wangoje. Aliwazika chini ya mpapai na kesho yake wengine walikuja. Kasoki, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, alipoteza kuku mle shimoni, akaanza kueneza kwamba mwanamke yule kuna kitu anakilisha. Nilimwambia Kasoki afunge mdomo. Lakini nilimkataza Chance mapapai.

Damien ndiye aliyeelewa. Yeye ni mwashi, amechimba vyoo vya nusu ya Himbi, na amewahi kumtoa mwenzake shimoni akiwa hana fahamu. Akamwendea Mama Musafiri kwa heshima zote. Nilikuwa ukutani, nilisikia.

“Mama Musafiri, ile shimo iko na mazuku. Usikalake pale.”

Mama Musafiri alimsogelea. “Una hakika, Papa Chance?”

“Hakika kabisa. Inatokea kule chini. Asubuhi, kama upepo haiko, ndiyo inakujaka na nguvu.”

“Asubuhi,” alisema yeye, na machozi yakamtoka. “Mungu akulipe.”

Damien alirudi nyumbani amevimba kifua kwa kuokoa mtu.

Novemba waasi wakaingia tena mjini, wengine, wenye jina jingine. Tulijifungia. Milio ilipotulia, askari wakapita barabarani kwa mistari, na Mama Musafiri alitoka akasimama kando ya njia, akamtazama kila mmoja usoni. Waasi wote walioingia Goma amewatazama hivyo, na jeshi la serikali pia. Safari ile, hata hivyo, aliwatazama kidogo tu, kisha akageuka akarudi ndani, kama mtu aliyekumbuka kwamba anayemtafuta yuko nyumbani. Jambo hilo lilinisumbua kuliko bunduki.

Tangu siku hiyo alikwenda shimoni kila asubuhi. Alikaa ukingoni, miguu imening'inia ndani, na alizungumza. Niliweka sikio ukutani, ndiyo, mimi ni mtu wa kusikiliza, sioni aibu. Alikuwa anauliza: “Umekula? Baridi haikusumbui huko?” Kisha ananyamaza, kama anayepewa jibu. Alipopanda kurudi aliyumba, akashika ukuta, akasema kichwa kinamgonga. Nikamwuliza anaumwa nini. “Siumwi,” alisema. “Ni uzito wake tu.” Sikujua wa nani, na niliogopa kuuliza.

Siku moja akaja kwangu na sinia la mchele. Alikuwa amejifunga kanga safi na uso wake ulikuwa umelainika, uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

“Mama Chance, Ijumaa ninamsomea Musafiri hitima. Njoo unisaidie kuchagua mchele.”

Nilipokea sinia. “Umepata habari?”

“Hakukuambia mumeo? Yeye ndiye aliyenipa habari. Mzuka wa mwanangu uko shimoni. Anakuja asubuhi kuwaona vyura wake.” Akashusha sauti, akatabasamu. “Nimeongea na shehe, watakuja wasomaji na watoto wa madrasa. Mikeka nitaitandika kule kule chini, mtoto akae katikati ya watu wake.”

Nilikaa juu ya ndoo. Sasa nikaelewa kila kitu, tangu machozi hadi uzito. Sisi tunaoishi na volkano tunasema mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini, isiyo na harufu wala rangi, inayolala mashimoni kama maji na kumaliza kila kinachopumua kwa chini. Kwao walisema mizuka: wafu wanaorudi. Miaka yote ile ya Himbi alikuwa ametusikia tukitaja mazuku, na kila mara aliamini ni neno la kwao, limeharibika midomoni mwa watu wa milimani.

“Mama, si mizuka,” nilisema. “Ni mazuku. Ma-zu-ku. Ni hewa, inaua.”

“Ni neno hilo hilo, ninyi mmelipinda tu,” alinijibu kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. “Na mtoto wangu hawezi kuniua.”

Nilimtuma Damien. Akaeleza vyoo, akaeleza mwenzake aliyezimia. Mama Musafiri alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kuchagua mchele. Idrissa alikuwa Bukavu, simu yake haikupatikana. Ijumaa ikafika. Asubuhi kulikuwa kimya, hakuna upepo, ziwa limelala, na mikeka ilikuwa imekunjwa mlangoni kwake ikingoja kushushwa. Nilifikiria watoto wa madrasa wameketi mle, vichwa vyao chini kuliko vya watu wazima. Nikachukua mshumaa, nikaruka ukuta.

“Njoo uone,” nilimwambia. “Moto hauwezi kuishi mle ndani. Ukiona hivyo utanisadiki.”

Nilifunga mshumaa kwenye ncha ya mti, nikauwasha, nikaushusha taratibu. Ukingoni uliwaka vizuri. Ulipofika usawa wa mlango wa chungu, mwali ukalala, ukawa bluu, ukafa. Moshi haukupanda. Ulitambaa juu ya majani, ukabaki kule kule.

Mama Musafiri alipiga makofi. Alikuwa anacheka na kulia. “Ndiye! Unaona? Ndiye! Nilipokuwa nashona sana jioni, alikuwa anakuja nyuma yangu anapuliza mshumaa, anasema mama, lala. Ndiye mwenyewe!”

Hapo hasira ilinipanda, na hasira yangu si ndogo. Nilimhurumia hadi nikataka kumpiga. Nikamshika mabega, nikapiga kelele mbele ya uso wake:

“Kama ni Musafiri, ju ya nini anaua vyula vyake?”

Aliacha kucheka.

“Mtoto aliyepigwa na mtaa mzima kwa sababu ya chumvi! Alikuomba uwachunge. Leo arudi, kazi yake ya kwanza iwe kuwaua, kila siku, wote? Mutoto wako alikuwa vile?”

Akatazama chungu. Mlangoni pake kulikuwa na chura mmoja wa siku ile, mikono mbele. Akageuka akatazama udongo chini ya mpapai, ambao ulikuwa umeinuka kwa sababu aliwazika wengi. Niliona ule ulaini ukimtoka usoni, na nikatamani meno yangu yangekuwa yameng'oka kabla sijasema.

“Siye,” alisema. Akakaa juu ya mikeka iliyokunjwa. Kisha akasema, “Basi hayuko hapa.” Na tena, kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa peke yangu jikoni: “Basi sijui tena.”

Wasomaji walifika na kofia zao nyeupe. Mama Musafiri aliwaambia mlangoni kwamba hakuna hitima, ni sadaka tu, waingie wale chakula. Tukala pilau ya mtu ambaye hatukujua kama amekufa. Watoto wa madrasa waliomba nyongeza. Mimi nilimpa mmoja wao sahani yangu.

Alininunia muda mrefu, na nilistahili nusu yake. Damien alijaza mawe ndani ya shimo bila kuombwa. Kisha asubuhi moja nilisikia mawe yakigongana upande wa juu, karibu na lango la kiwanja, palipo na upepo. Nikachungulia. Chungu alikuwa amekitoa kabla ya mawe ya Damien, amekiosha, anakijengea sakafu ya mawe ya volkano, tabaka kwa tabaka, na katikati anashindilia udongo alioubeba kwa gunia. Juu hakuna majimaji, kwa hiyo alitoboa kopo, akalitundika lidondoshe maji tone kwa tone kwenye majani ya mgomba. Nilipita langoni, nikaanza kumpa mawe. Hakunikataza.

“Yeye alisema chini,” aliniambia bila kunitazama. “Akirudi utamweleza wewe, Mama Chance. Mimi nitaona haya.”

“Nitamweleza,” nilisema.

Vyura walikuja, na safari hii waliishi. Mvua zikija wanapiga kelele hadi Damien anaweka mto kichwani.

Mei ya elfu mbili na ishirini na moja mlima ukatema tena. Moto haukufika kwetu, lakini ardhi ilitikisika siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na asubuhi moja redio ikasema watu watoke mjini. Idrissa alileta gari lake, limejaa wajukuu na magodoro. Mama Musafiri alitoka na beseni lililofunikwa kitenge kibichi. Kaka yake akafunua, akafunika.

“Nasiba, watu wanaacha nyumba zao, wewe uko nabeba vyula?”

“Nenda,” alimwambia. “Nitatembea.”

Kwa hiyo tulitembea njia ya Sake, mimi na yeye, katikati ya mji mzima unaotembea. Damien na Chance walitangulia na mizigo. Watu walimcheka, wengine wakamwogopa. Kila penye maji alisimama akanyunyizia kitenge. Ilikuwa njia ile ile iliyopitwa na lori la Musafiri, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha.

Kwenye kizuizi askari mmoja, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, alituamuru tuliweke beseni chini. Akainua kitenge kwa mdomo wa bunduki. Vyura walimtazama.

“Mama, hizi ni za nani?”

Mama Musafiri alikuwa tayari anamtazama usoni. Alitazama macho, akatazama masikio, akatazama namna midomo inavyofungana. Nilikuwa nimemnyang'anya kaburi, nikamrudishia huku kutazama kila askari, na hadi leo sijui kipi kingemwumiza kidogo zaidi.

“Ni za mutoto wangu,” alisema mwishowe, na akafunika beseni mwenyewe. “Alisema anarudi.”

Askari alitupisha. Beseni lilikuwa zito kwa maji na kwa udongo, na mikono ya Mama Musafiri si ya kijana tena. Nikashika upande wa pili, tukaendelea.